Mama Mjamzito Safarini Malawi

Akina mama wenzangu wa Tosamaganga, dada mmoja kauliza: “Mimba yangu ina miezi mitano. Niende Karonga, Malawi, kwa ndugu zangu?” Nenda, lakini kwanza upimwe kliniki.

Chukua kadi yako ya kliniki. Mganga wa ugenini ataisoma. Mkanda wa kiti upite chini ya tumbo, si juu yake. Basi likisimama Makambako, Mbeya na mpakani Kasumulu, shuka utembee kidogo, damu isigande miguuni. Karonga iko kando ya ziwa. Joto na mbu ni wengi kuliko huku kwetu. Lala ndani ya chandarua.

Ukitokwa damu, kichwa kikiuma sana, au mtoto hachezi tumboni, usingoje kufika. Shuka, tafuta hospitali ya karibu. Ndugu watangoja, damu haingoji.