Bei ya mafuta katika wilaya zetu: ni kikomo cha nani?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika za Wilaya za Ngara na Biharamulo



Nimeombwa nizungumzie bei ya mafuta ya petroli na dizeli. Huenda wengine mmeshangaa kuona mada hii kwenye ratiba pamoja na maji, kahawa na afya. Lakini ukisoma mihtasari ya vikao vyetu, mafuta yanatajwa karibu kila ukurasa. Mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama imesimama kwa sababu ya dizeli. Mwinjilisti hakufika mtaani kwa sababu pikipiki haina petroli. Mgonjwa alicheleweshwa kufikishwa hospitali kwa sababu wa bodaboda alidai nauli mara mbili, na alipoulizwa akajibu kwamba mafuta yamepanda. Kwa hiyo hili ni jambo letu.

Malalamiko ninayoyasikia ni ya aina mbili, na ningependa tuyatenganishe, maana tukiyachanganya hatutapata dawa. La kwanza ni kwamba sheli zote za mjini zinauza bei moja, kana kwamba wenyewe wamekaa wakakubaliana. La pili ni kwamba kijijini mafuta yanauzwa ghali mno na hakuna wa kumwuliza.

Nianze na la mjini. Biashara ya mafuta ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi mwaka 2000, kila muuzaji alijipangia bei. Wananchi walilalamika sana, na kuanzia Januari 2009 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ikaanza kutangaza bei kikomo. Siku hizi tangazo hutoka kila mwezi, na kwa kawaida bei mpya huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi saa 6:01 usiku. Katika tangazo hilo kila mji una bei yake. Ngara ina yake, Biharamulo ina yake. Msichukue bei ya Dar es Salaam mliyoisikia redioni mkaenda kugombana na kijana wa pampu; mtamwonea bure.

Bei yetu iko juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yakishapokelewa bandarini husafirishwa kwa lori kupitia Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi, safari ya takriban kilometa 1,300 hadi Ngara. Usafiri huo unahesabiwa ndani ya bei, na katika miaka ya karibuni umeongeza shilingi 200 na zaidi katika kila lita. Mkoa wetu wa Kagera, hasa Kyerwa, ndio ambao mara nyingi hutajwa kuwa na bei ya juu kuliko yote nchini. Inauma, hasa ukisimama Benaco ukatazama malori ya mafuta yakipita mchana kutwa kwenda Rwanda kupitia Rusumo, na mengine yakikata kwenda Kabanga na Burundi. Mafuta yanapita mlangoni kwetu, lakini si yetu. Yameandikiwa nchi jirani.

Sasa, bei kikomo maana yake ni dari. Muuzaji haruhusiwi kuitoboa, lakini yuko huru kukaa chini yake kadiri apendavyo. EWURA yenyewe katika matangazo yake huwahimiza wateja wanunue kwenye kituo chenye bei ndogo ili kukuza ushindani. Tatizo letu ni kwamba dari limegeuka kuwa sakafu. Karibu kila kituo kinaandika bei ileile ya kikomo hadi shilingi ya mwisho. Je, hizo ni njama? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kupatana bei, na ipo Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Lakini ndugu zangu, kufanana kwa bei peke yake si ushahidi wa njama. Serikali ikishatangaza namba moja kwa wote, hakuna haja ya kukutana usiku. Kila mmoja anaiona namba ileile na kuibandika.

Tena kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana. Tangu mwaka 2012 hivi, mafuta ya nchi nzima huagizwa kwa pamoja kwa njia ya zabuni, na leo kazi hiyo inasimamiwa na Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja. Utaratibu huo ulisaidia kupunguza gharama za meli na za kuchelewa bandarini, na mimi nauunga mkono. Lakini matokeo yake ni kwamba kampuni zote zinapata mafuta kutoka meli zilezile kwa gharama zinazokaribiana. Kodi ni moja kwa wote. Kinachobaki cha kushindania ni faida ya muuzaji na ujanja wa usafirishaji, yaani sehemu ndogo tu ya lita. Hata tukipata sheli ya tatu na ya nne pale mjini, tusitegemee bei kushuka kwa mamia ya shilingi.

Kwenye kodi niseme jambo moja na kuliacha. Katika bajeti ya 2021/22 tozo ya shilingi 100 iliongezwa kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini zinazosimamiwa na TARURA, na mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa ya kitaifa. Mwenye bodaboda wa Murusagamba amechangia barabara kila anapojaza tanki. Ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji barabara yake inatengenezwa lini.

Wapo wanaosema dawa ni Serikali kushusha bei kwa amri. Tulishaona. Mwanzoni mwa Agosti 2011 EWURA ilirekebisha kanuni ya ukokotoaji na kushusha bei, kampuni nyingi zikaacha kuuza, nchi ikakauka, Bunge likaja juu, na kampuni moja kubwa ikasimamishiwa leseni kwa miezi mitatu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, njia iliyotumika ilikuwa nyingine: Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni. Hiyo ilituliza hali, lakini ruzuku ni fedha ya kodi na haiwezi kuwa ya kudumu.

Sasa nije kijijini, na hapa naomba tukae kidogo.

Bei kikomo inamlinda mtu anayefika kwenye pampu. Kwa watu wengi wa sharika zetu pampu iko mbali, huko Ngara mjini, Biharamulo mjini au barabara kuu. Wao wananunua kwenye chupa za maji ya kunywa zilizopangwa juu ya meza mbele ya duka. Mafuta hayo yalinunuliwa kwenye sheli kwa bei kikomo, yakaletwa kwa pikipiki kwenye madumu, na yanauzwa kwa bei anayoitaka mwenye meza. Akiwa peke yake kijijini, anajipangia. Mvua ikikata barabara, anaongeza. Ikiwa Burundi hakuna mafuta, anaongeza tena, kwa sababu madumu yanavuka mpaka usiku na kulipwa vizuri zaidi huko. Uhaba uliowapata majirani zetu Burundi kuanzia 2021, na uliozidi mwaka 2024, tumeuonja na sisi wa upande huu.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mwinjilisti anatumia lita 12 kwa mwezi, na mafuta ya chupa yanamzidi shilingi 500 kwa lita kuliko ya pampu. Hizo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na 72,000 kwa mwaka, kwa pikipiki moja. Ukiweka mashine ya kusaga inayotumia lita kadhaa kila siku, utaona kwa nini mama analipa zaidi kusaga debe la mahindi. Mjini tunagombania makumi ya shilingi, wakati kijijini tunapoteza mamia bila kusema neno.

Na si bei tu. Pampu ya sheli hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Chupa hakuna anayeikagua. Ile inayoitwa lita inaweza isiwe lita. Mambo ya Walawi sura ya 19 inadai vipimo vya haki kwa vitu vya maji kama inavyodai kwenye mizani, na sidhani petroli imesamehewa. Ubora nao haujulikani. Neno uchakachuaji lilienea nchi nzima wakati mafuta ya taa yalipokuwa na ushuru mdogo na watu wakayachanganya kwenye dizeli. Ndiyo maana mwaka 2010 yalianza kuwekwa vinasaba, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa. Ukaguzi huo unafanyika kwenye vituo na maghala, si kwenye meza ya chupa. Injini ikiharibika humjui wa kumdai.

Halafu kuna moto. Chupa hizi zinakaa kwenye nyumba wanamolala watoto, karibu na jiko na kibatari. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Barabara ya Nyakanazi hadi Rusumo inapitisha malori kama hayo kila siku. Naomba wachungaji walisemee hili kwenye matangazo ya ibada: lori likianguka, tukae mbali.

Kwa sababu hizo, sikuweza kuunga mkono maandiko ya miradi niliyoletewa, ambayo yalipendekeza usharika uuze petroli ya chupa ili kupata mapato. Najua nia ni njema. Najua pia kwamba mapato yangepatikana. Lakini kuuza mafuta bila leseni ni kosa kisheria, na kanisa haliwezi kuweka moto kwenye stoo ya viti vya watoto wa shule ya Jumapili.

Njia halali ipo. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianzisha mikopo kwa ajili ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Ushauri wangu ni kwamba usharika wenyewe usikope. Biashara ya mafuta inataka mtaji wa kuzungusha kila wiki, na mkopo haungoji sadaka. Lakini chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, au mfanyabiashara mwaminifu wa eneo lenu, anaweza. Kamati inaweza kumwelekeza na kumsaidia kuandika maombi. Kituo kimoja chenye pampu pale ambapo leo kuna chupa tu kitapunguza bei kuliko sheli tano mpya za mjini.

Ndugu zetu wafadhili, nanyi nina neno. Kila mwaka mnatuuliza kwa nini fungu la mafuta limezidi bajeti. Bajeti tunaiandika miezi mingi kabla. Julai 2023 petroli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,736 kwa lita. Agosti ikawa 3,199. Ongezeko la shilingi 463 kwa usiku mmoja, kwa mradi wenye gari moja na pikipiki sita, haliwezi kufidiwa kwa kubana matumizi ya karatasi. Wakati huo dola zilikuwa adimu, vituo vingi vilikauka, na baadaye EWURA ikasimamisha leseni za baadhi ya vituo kwa kuficha mafuta. Tunaomba fungu hilo lipitiwe upya kila robo mwaka kwa kutumia bei kikomo ya Ngara na Biharamulo, ambayo mtu yeyote anaweza kuithibitisha. Sisi kwa upande wetu hatutaleta tena karatasi ya daftari iliyoandikwa "petroli" bila jina la kituo. Gari na pikipiki za mradi zijazwe kwenye pampu tu, risiti ya mashine ichukuliwe, na lita ziandikwe kwenye daftari la safari pamoja na kilometa. Anayekwenda mtaa wa mbali apange safari yake kuanzia kwenye pampu.

Risiti hiyo si kwa ajili ya mkaguzi wetu tu. Ndiyo kidhibiti chako ukiuziwa zaidi ya kikomo au ukiuziwa mafuta mabaya. Bila risiti malalamiko yako ni maneno. Bei ya mwezi unaweza kuipata bure kwa simu ya kawaida kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Kituo kisicho na bango la bei linaloonekana kinavunja utaratibu, na hilo peke yake linatosha kutolewa taarifa. Taarifa zinapelekwa EWURA, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji.

Nimeleta fomu, ziko kwa katibu pale mlangoni. Kila kamati ichukue tatu, moja kwa kila mwezi. Katika wiki ya kwanza ya mwezi andikeni bei ya bangoni kwenye kituo kilicho karibu nanyi, bei ya chupa kijijini, umbali kati ya hapo na pampu, na kama mafuta yalikuwepo au la. Msiandike jina la mwenye meza; hatumtafuti mtu, na wengi wao ni waumini wetu wanaotafuta riziki. Mzileta kwenye kikao kijacho, ofisi itaziunganisha na kuzipeleka Mwanza kwa barua yenye mhuri wa Dayosisi. Kamati za Rulenge na Nyakahura, tafadhali msichelewe, maana kwenu ndiko tunakotaka kuanzia mazungumzo kuhusu kituo cha kijijini.