Tupime milango ya muji wetu

Vijana wa Goma!

Leo tunazungumza juu ya mlango. Mlango wa banki, wa komine, wa farmasi, wa hospitali. Wewe mwenye miguu mizima unaupita bila kuufikiria. Mwenzako wa kiti cha magurudumu anafika pale, anakuta ngazi tano, njo anarudi. Amelipa pesa ya kwenda, atalipa ya kurudi, na karatasi hajaipata. Hakuna aliyemuambia mbele kama kuko ngazi.

Hapo telefone inaweza kusaidia. Mwaka wa 2010, kule Berlin, shirika Sozialhelden lilianzisha Wheelmap, ramani ambayo raia wenyewe wanaijaza. Kijani: kiti kinaingia bila shida. Rangi ya machungwa: kinaingia kwa sehemu. Nyekundu: hakiingii. Inatumia OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea, na muji wetu uko ndani. Pale ambapo hakuna mtu aliyepima, panabaki kijivu. Fungua, tafuta avenu yako, utajionea.

Iko pia StreetComplete kwa telefone za Android. Ukitembea, inakuuliza: hapa kiti cha magurudumu kinaingia? Unajibu, na unatuma majibu baadaye, ukipata intaneti.

Kuko watakaosema: "Wengi wao hawana telefone ya bei, na mega ni pesa." Ni kweli. Kwa hiyo tuchape orodha kwenye karatasi, tuibandike kwenye kartie, tuisome kwenye redio.

Wengine watasema: "Programu haivunji ngazi." Ni kweli pia. Lakini ramani ni ushahidi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imekuja kuongeza nguvu. Sheria iko, mlango ungali vilevile. Siku tutakapopeleka orodha ya milango yote myekundu ya ofisi za umma, hakuna mkubwa atakayesema hakujua.

Sasa masharti matatu.

La kwanza: hatupimi bila wenyewe. Wale wanaovusha mizigo kwa trisikle pale Petite Barrière wanajua mawe ya volkano ya muji huu kuliko sisi wote. Wao waongoze, sisi tuandike.

La pili: tunapima milango, hatupimi watu. Hakuna jina, hakuna picha ya mtu, hakuna nyumba yake. Na pale pasipo na usalama, pita, usitoe telefone.

La tatu: andika ulichokiona tu. Hesabu ngazi, angalia kama mlango ni mpana. Kama hauna hakika, acha kijivu. Kijani cha uongo kinamtoa mtu nyumbani kwake bure, na kesho hataamini tena ramani yetu.

Hii kazi haiombi mfadhili. Inaomba watu wawili, avenu moja na Jumamosi moja. Kila kundi lichague avenu yake leo, kabla hatujatoka humu ndani.

Mlango wa komine ni wa raia wote.