Mwaka wa Kwanza Ukiharibika: Alama Mbaya na Safari ya Chuo cha Udaktari Marekani

Mada kwa semina ya wanafunzi na wazazi kutoka Afrika Mashariki na Kongo waishio Marekani



Wengi wetu tumekulia katika utaratibu ambao mtihani mmoja unaamua. Tanzania, kijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) akimaliza kidato cha sita na matokeo yakatosha, anaingia moja kwa moja kusoma udaktari. Kenya ni KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Asipofikisha, anatafuta diploma ya utabibu au fani nyingine, na maisha yanaendelea. Fikra hiyo tumekuja nayo huku. Mtoto akipata D ya Kemia muhula wa kwanza, nyumba moja itatangaza kwamba udaktari umekwisha. Nyumba ya jirani itamwambia akaze buti, aombe nafasi wakati ule ule wanaoomba wenzake, Mungu atajalia. Zote mbili zimekosea, na kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo inayotugharimu zaidi.

Hapa udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Mwombaji wa vyuo vingi vya MD, shahada ya udaktari wa kawaida, hupitia AMCAS, mfumo wa maombi unaoendeshwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani. Wa vyuo vingi vya DO (udaktari wa osteopathia), ambao wakihitimu wana haki zile zile za kutibu, hupitia mfumo wa AACOMAS. Ushindani ni mkali: msimu wa 2023 walioomba MD walizidi 52,000, walioingia ni takriban 23,000, na wastani wa GPA yao, yaani alama za chuo kwa kipimo cha hadi 4.0, ulikuwa karibu 3.8.

AMCAS haisomi tu GPA iliyoandikwa kwenye transkripti. Inahesabu upya kila kozi ya chuo uliyosoma nchini hapa, katika kila chuo, hata kile ulichohudhuria muhula mmoja ukahama. Inatoa GPA ya jumla, na nyingine ya Biolojia, Kemia, Fizikia na Hisabati peke yake. Chuo chako kinaweza kukufutia D baada ya kurudia kozi, lakini AMCAS haifuti. D na A ya kozi ile ile zote zinaingia, na wastani wake ni 2.5. Zamani vyuo vya DO vilihesabu alama mpya tu, na vijana waliotangulia bado wanawaambia wadogo zao hivyo. Utaratibu huo ulikoma mwaka 2017. Texas ina sheria inayomruhusu mkazi wake anayeomba chuo cha umma aweke kando masomo yaliyopita miaka kumi, lakini yanaondoka yote, mazuri na mabaya pamoja, kwa hiyo inamfaa mtu mzima anayeanza upya, si kijana wa miaka ishirini na mbili.

Tufanye hesabu kidogo. Kijana amesoma krediti 30 mwaka wa kwanza akapata 2.0. Akajirekebisha: mwaka wa pili 3.7, wa tatu 3.8, wa nne 3.9, kila mwaka krediti 30. Wanaotaka kuunganisha shahada na udaktari bila kusimama huomba mwishoni mwa mwaka wa tatu. Kijana wetu akiomba hapo, GPA yake ni 3.17. Akisubiri amalize mwaka wa nne, ni 3.35. Akiongeza mwaka mmoja wa kozi za sayansi baada ya shahada, krediti nyingine 30 za A tupu, anafika 3.48. Ni mtu yule yule na mwaka wa kwanza ule ule. Kilichobadilika ni tarehe ya kuomba. Isitoshe, fomu ya AMCAS huonyesha GPA ya kila mwaka mstari kwa mstari, na kamati inayoona 2.0, 3.7, 3.8, 3.9 na 4.0 inasoma kitu tofauti kabisa na inayoona 2.0, 3.7 na 3.8.

Ndiyo maana nasema kwamba dawa ya mwaka mbaya ni muda. Na muda huo hautamtenga na wenzake: zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari nchini hapa siku hizi wamekaa angalau mwaka mmoja baada ya chuo.

Lakini muda mtupu hausaidii kama kilichomwangusha bado kipo, na hapa tuzungumze ukweli wa nyumba zetu. Kijana anaingia zamu saa 5 usiku katika nyumba ya wazee, anatoka saa 1 asubuhi, na saa 2 yuko kwenye darasa la Kemia amevaa sare ile ile ya kazini. Anachangia kodi. Mwisho wa mwezi kuna ada ya mdogo wake aliye Goma au Kigoma. Jumamosi kuna kikao cha harusi, na yeye ndiye mwenye gari. Halafu tunashangaa ile D! Mtoto kama huyo hana upungufu wa akili. Ana upungufu wa saa. Kabla hajarudia kozi hata moja, familia ikae chini ikubaliane ni zamu ngapi zitapunguzwa na ni nani atatuma hela nyumbani kwa miezi hiyo. Akirudia kozi na zamu zile zile, atapata C, na C ya mara ya pili ni mbaya kuliko D ya kwanza.

Kazi yenyewe asiiache kabisa. Kuwageuza wagonjwa kitandani, kuwaogesha na kuwalisha ni uzoefu ambao kamati zinautafuta, na watoto wa matajiri huutafuta kwa kujitolea.

Baada ya shahada kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kozi za juu za sayansi, kama Biokemia au Fiziolojia, katika chuo cha miaka minne. Alama hizo zinaingia kwenye GPA ya shahada ya kwanza. Ya pili ni shahada maalumu ya uzamili, kama ile ya Georgetown, ambako unasoma masomo ya mwaka wa kwanza wa udaktari. Hiyo ina nguvu, lakini ni ghali, GPA yake inakaa mstari wa peke yake bila kuinua ile ya zamani, na ukianguka huko milango iliyobaki ni michache mno. Mimi humshauri mtu aanze na ya kwanza.

MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, isifanywe kwa majaribio. Alama zake ni kuanzia 472 hadi 528, katikati ni 500, na vyuo vinaona kila mtihani uliofanya. Sehemu moja kati ya nne ni kusoma na kuchambua vifungu vya Kiingereza visivyo vya sayansi. Huko ndiko vijana waliojifunzia Kiingereza katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma hupoteza alama, na hakuna njia ya mkato: ni kusoma makala ngumu kila siku, miezi mingi kabla.

Katika maelezo unayoandika kwenye maombi, sentensi chache kuhusu mwaka mbaya zinatosha. "Mwalimu alikuwa haeleweki" hujengi nayo chochote. "Mwaka wa kwanza nilifanya kazi saa 35 kwa wiki; mwaka wa pili nilipunguza hadi 12, na tangu hapo sijapata chini ya B" inaeleza sababu, hatua na matokeo. Tangu msimu wa 2024 AMCAS ina nafasi ya pekee ya kueleza magumu uliyopitia. Itumieni, wala msione aibu ya kambi.

Kuhusu vyuo vya visiwa vya Karibiani vinavyopokea wanafunzi kwa urahisi zaidi: katika upangaji wa mafunzo ya hospitali wa 2024, zaidi ya asilimia 92 ya wahitimu wa mwaka huo wa MD na DO wa Marekani walipata nafasi. Raia wa Marekani waliosoma udaktari nje walikuwa asilimia 67, na hapo hatujawahesabu walioishia njiani wakiwa na deni. DO kwanza, Karibiani baadaye sana.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. AMCAS hufunguliwa kila mwaka mwezi Mei. Mtoto akikwambia Mei hii hayuko tayari, muulize atafanya nini hadi Mei ijayo, muandike pamoja, kisha wajulisheni ndugu mliowaahidi daktari kwamba mtoto bado anasoma.