Bibi Hayumo Kwenye Jedwali

Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wazazi mliokuja na vigelegele vyenu, nanyi wahitimu wa ufuatiliaji na tathmini: hongereni.

Mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, New Zealand, Wamaori walifungua kōhanga reo ya kwanza, yaani kiota cha lugha. Kimaori kilikuwa kinabaki zaidi vinywani mwa wazee. Wakaamua wazee haohao washinde na watoto wadogo, wawalishe, wawabembeleze, wawakaripie, yote kwa Kimaori.

Kituo cha namna hiyo utakipimaje? Mkaguzi atahesabu viti, vyoo na vyeti vya walimu. Sibezi vyoo, mjukuu wangu nisingempeleka pasipo choo. Ila bibi asiye na cheti ataonekana pengo kwenye jedwali, ilhali bila yeye hakuna mradi. Naye ana vipimo vyake: mtoto huyu ananiitikia kwa lugha yetu? Anathubutu kunitania? Anajua yeye ni wa ukoo gani?

Vipimo vya aina hizo mbili viligongana kwelikweli. Mwaka 2011 shirika linalosimamia vituo hivyo lilipeleka shauri kwenye Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai ya Wamaori dhidi ya serikali. Mwaka uliofuata Baraza likalipa shirika hilo haki: serikali ilikuwa imevibana viota vya lugha ndani ya mfumo wa elimu ya awali ambao haukutungwa kwa ajili ya vituo vya namna hiyo.

Nami nina langu. Kazi yangu ya kwanza nilibeba dodoso hadi kwa wafugaji wa Kimaasai, nikamuuliza mzee mmoja ana ng'ombe wangapi. Akanitazama kwa huruma. "Wapo," akasema. Nikajaza: hajui. Mzee yule alimjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa mama yake. Kumtajia mgeni idadi ndiko alikoona si adabu. Ripoti ikaenda kwa mfadhili na "hajui" yangu.

Muda si mrefu mtaajiriwa, mkute dodoso limeshachapwa Dar es Salaam. Ombeni siku mbili za kuketi na wenyeji kabla ya kuanza, wafute maswali yasiyofaa na waongeze ya kwao. Mkinyimwa, andikeni kwenye ripoti, ukurasa wa kwanza, kwamba mliomba mkanyimwa.