Sanamu za Mkunazini, na Sisi wa Masasi na Newala

(Maneno ya katekista mmoja kwa waalimu na watu wa mitaa)



Katika sikukuu hii tunahesabu miaka. Mimi nataka tuwahesabu na watu pia. Nami nitaanza mbali kidogo, huko Unguja, mahali paitwapo Mkunazini.

Hapo palikuwa na soko kubwa la watumwa. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alipatana na Waingereza, soko likafungwa. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa katika kiwanja hicho hicho, na Askofu Steere ndiye aliyesimamia kazi ya kulijenga. Basi, mwaka 1998, fundi mwanamke wa Uswidi, jina lake Clara Sörnäs, akaweka kando ya kanisa hilo sanamu tano za watumwa, wanaume kwa wanawake.

Desturi ya sanamu za ukumbusho ni kuwekwa juu, ili mtu ainue macho. Dar es Salaam Wadachi walisimamisha sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 pakawekwa askari wa shaba mwenye bunduki, ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vya 1914 hata 1918. Naye yuko juu.

Lakini wale watano wa Mkunazini wamewekwa chini, ndani ya shimo. Shingoni wana pingu za chuma, na mnyororo wawaunganisha, nao ni mnyororo wa kweli wa siku zile. Muuzaji hayumo shimoni, wala mnunuzi hayumo. Walakini mtu ajaye kuwatazama husimama ukingoni, juu yao, akawaangalia mmoja mmoja. Ndipo atambuapo ya kuwa amesimama mahali pa mnunuzi. Kazi ile ingaliwekwa katika nchi nyingine, isingalisema neno hilo. Mahali penyewe ni nusu ya kazi.

Je, hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja pamoja na watu walioachwa huru, zaidi ya hamsini, wakashuka Lindi, wakashika njia ya Nyasa. Walipofika Masasi wakaona nchi ni njema, wakatua mizigo yao, wakajenga. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakaja na vita, wakateka watu. Hivyo wengine waliokwisha kufunguliwa wakafungwa tena. Baada ya hayo kazi ikapandishwa Newala. Basi sisi wa huku bondeni na ninyi wa juu uwandani, habari yetu ni moja na ya shimo lile.

Hata leo mtu akiitwa mjukuu wa mtumwa huona ametukanwa. Kwa hiyo wazee wengi walinyamaza, na majina yakapotea. Lakini, ndugu zangu, aibu si ya aliyefungwa. Aibu ni ya aliyefunga. Tena wauzaji hawakuwa wageni peke yao. Wakuu wa nchi zetu nao waliuza watu. Basi asiwepo wa kumcheka mwenziwe, maana hatujui babu zetu walisimama wapi, shimoni ama ukingoni.

Mafundi wa Kimakonde huchonga katika gogo moja la mpingo watu wengi, mmoja juu ya mwenziwe, kila mmoja akimtegemeza mwingine. Kazi hiyo huitwa ujamaa. Wale wa Mkunazini wameunganishwa kwa chuma. Hawa wa mpingo wameunganishwa kwa mikono. Siku tutakapotaka ukumbusho wetu wenyewe, mafundi tunao, wala hatuna haja ya kutafuta mbali. Ila usiwekwe popote penye nafasi tu. Uwekwe pale watu wale walipotua mizigo yao, hapa Masasi, chini ya miamba hii waliyoiona wao.

Lakini kabla ya patasi na itangulie kalamu. Waalimu, nendeni kwa wazee wa mitaa yenu wangali hai, mwulize kwa adabu, mwandike majina ya waliotangulia na nchi walizotoka. Sanamu isiyojulikana ni ya nani ni gogo tu.

Nimekwisha.