Kila gasketi na gundi yake

Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama na mafundi, Baraka



Tumeombwa kuongea juu ya mashini ya kusaga iliyosimama. Wengi mmekuja kusikia jina la mwenye kosa, na tumesikia kuko waliosema fundi kijana atolewe. Tutaanza na kosa letu sisi. Moteri ilipoanza kuvuja mafuta kwenye kifuniko cha pembeni, ni sisi tulioleta tyubu za silikoni. Tulimkabidhi fundi, tukamwambia: «Paka popote panapovuja.» Hatukueleza kitu kingine. Yeye alifanya kama tulivyosema.

Moteri ilipofunguliwa, mliokuwepo mliona. Silikoni ilikuwa imepakwa nene. Kifuniko kilipokazwa, sehemu moja ilitoka nje, ikafutwa, tukaona kazi ni safi. Sehemu ingine iliingia ndani, mahali jicho halifiki. Vipande vikakatika, vikaenda na mafuta mpaka kwenye chujio, vikaliziba. Mafuta hayakupanda tena, na beringi ya konrodi ikaungua. Tulikuwa tunapoteza matone. Sasa tumepoteza moteri. Wamama wanabeba tena muhogo kichwani kwenda kusagisha mbali, na mfuko wa chama hauingizi kitu.

Kwa hiyo tuelewane vizuri. Waliobaki hapa wanaita joint, waliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu wanaita gasketi. Ni kitu kimoja. Kazi yake ni kujaza mwanya kati ya vyuma viwili vilivyokazwa pamoja. Gundi ni msaidizi tu, na pengine haitakiwi kabisa. Fundi asiulize kwanza, «Gundi ipi ni kali?» Aulize: hapa panapita nini? Pana moto kiasi gani? Na vyuma vyenyewe vikoje?

Kwanza, gasketi ya kichwa cha moteri. Hii kwa kawaida inawekwa kavu. Pale panapita moto wa mlipuko, na maji, na mafuta, kila kimoja na njia yake. Silikoni haivumilii moto ule, na inaweza kuziba tundu za maji. Kinachotakiwa ni uso safi na ulionyooka, gasketi mpya, na boliti kukazwa kidogo kidogo, kwa kupishana, mpaka kipimo cha kitabu. Kitabu cha moteri kikisema vingine, fuata kitabu.

Pili, vifuniko vya bati na bakuli la mafuta la chini. Hapa silikoni ya moteri ina kazi yake. Futa mafuta yote mpaka chuma kikauke. Vuta uzi mwembamba, milimita 2 au 3 tu, na kwenye tundu za boliti upitishe upande wa ndani. Funga ndani ya dakika 10 hivi, kabla haijafanya ngozi. Kaza kwa vidole, ngoja kama saa moja, kisha kaza kwa ufunguo. Silikoni inakauka kwa unyevu wa hewa, pole pole. Iachieni saa 24 kabla ya kuwasha. Maandishi ya tyubu yakitoa saa zingine, fuateni hayo. Na silikoni ya madirisha ibaki kwenye madirisha: haikutengenezwa kwa ajili ya mafuta ya moteri.

Tatu, chuma kwa chuma kilichochongwa sawasawa, kama nusu mbili za giaboksi. Kuko gundi nyekundu au ya zambarau inayokauka pale tu hewa inapokosekana, kati ya vyuma. Inayobaki nje haikauki, unaifuta. Inayoingia ndani haigeuki kamba za mpira. Lakini haijazi mwanya mkubwa, na kwenye bati linalopindika haifai.

Nne, petroli. Vijana wa pikipiki, hapa mtege sikio: silikoni ya kawaida isiguse kabureta. Petroli inaivimbisha na kuilainisha, halafu vipande vinaziba vitundu vidogo vya ndani. Tumieni gasketi yake ya karatasi.

Tano, pampu ya mazutu. Katika moteri nyingi za silinda moja, vile vibati vyembamba chini ya pampu ndivyo vinavyopanga wakati wa mazutu kuingia. Ukitupa kimoja, au ukijaza gundi nene, umebadilisha wakati huo. Moteri itagonga, au itakataa kuwaka. Hesabu vibati kabla ya kufungua, rudisha vilevile.

Tena, kusafisha. Gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa na asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Loanisha kwa maji kabla ya kukwangua. Usipulize, usitumie diski ya umeme. Kwenye alumini tumia kipande cha mti mgumu, sababu mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya kuvuja. Kisha simamisha rula ya chuma juu ya uso, tazama kama mwanga unapita chini yake. Kama chuma kimepinda, hakuna gundi itakayokinyoosha.

Sasa jambo ambalo halimo katika tyubu. Siku ile fundi alipofunga kifuniko, nje kulikuwa na mstari wa watu na ndoo zao za muhogo, na kila mtu akiuliza, «Bado tu?» Hakuna aliyempa saa 24. Hata sisi tulimpigia simu tukimharakisha. Fundi akiharakishwa anaongeza gundi, akitumaini itafanya kazi ya muda aliokosa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kamati ipange siku ya matengenezo na kuitangaza mapema, ili mashini ikisimama mtu asishangae. Kuwe na daftari karibu na moteri: nini kilifunguliwa, gasketi ipi iliwekwa, gundi ipi ilipakwa, na siku gani. Na kijana abaki kazini. Mkimtoa leo, fundi mgeni atakuta tyubu ileile na mstari uleule wa watu.

Kwa upande wetu, beringi ya konrodi na kazi ya kuifunga tutalipa sisi, si michango yenu. Kwa wafadhili tunasema hivi: msitutumie tyubu zaidi. Tusaidieni kupata ufunguo wa kupimia ukazaji, rula nzuri ya chuma, karatasi ya kukatia gasketi, kitabu cha moteri yenyewe, na siku chache za fundi mzoefu kukaa na vijana. Vitu hivi havipendezi kwenye picha kama mashini mpya, lakini bila hivyo mashini mpya itafuata njia ya ile ya kwanza.

Moteri hii mliinunua kwa michango ya watu waliorudi na mizigo michache tu. Tuliileteshea hasara kwa tyubu moja na maneno machache. Ndiyo maana leo tumeongeza maneno.