MTOTO AKIKOSEA, MUULIZE KWANZA

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu






 

Habari za fedha mtazisoma kwa Mweka Hazina humu humu kitabuni, hisa kwa hisa, wala sitamwingilia kazi yake. Mimi kamati imenituma nizungumze juu ya watoto wetu wadogo. Najua wako watakaouliza, kikundi cha kuweka na kukopa na watoto, wapi na wapi? Jibu ni fupi. Fungueni daftari la mikopo. Ukiondoa mitaji ya biashara, sehemu kubwa ya mikopo yetu imekwenda kwenye sare, madaftari na michango ya shule. Maana yake akiba yetu iko vichwani mwa watoto. Sasa nani anaweka mali mahali halafu asiende kuitazama?

Mnakumbuka yule mwalimu wa chekechea aliyekuwa anakuja siku za mikutano, akatufundisha namna ya kumtazama mtoto mdogo anavyofikiri. Mimi shule yangu ni ya msingi tu. Nitaeleza kama nilivyoelewa, na kama tulivyojaribu wenyewe hapa mkekani, watoto wakiwa wanatungoja tumalize kuhesabu hisa.

MTU ALIYESIKILIZA MAJIBU YA MAKOSA

Mwalimu alituambia habari za bwana mmoja wa Uswisi, jina lake Jean Piaget. Alizaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1980. Akiwa kijana alifanya kazi Paris, Ufaransa, ya kuwapa watoto maswali ya kupima akili. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu nani amepata na nani amekosa. Lakini yeye akaona jambo. Watoto wa umri mmoja walikuwa wanakosa kwa namna moja. Akajiuliza, kama ni ujinga tu, mbona kila mmoja asikosee kivyake? Akaacha kuhesabu makosa, akaanza kuuliza: umejuaje? Kwa nini unasema hivyo? Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote, na hata watoto wake watatu aliwatazama tangu uchanga wao, akawa anaandika.

Akina mama, hapo mimi nilishangaa. Watoto sisi tumezaa na kulea, tena si watatu. Lakini nani kati yetu aliwahi kukaa chini akauliza mtoto amekoseaje? Wengi wetu jibu la makosa hulijibu kwa kofi la mgongoni au kwa neno "mjinga wewe".

TULIVYOJARIBU WENYEWE

Jaribio la kwanza ni la maji, na kila nyumba inaweza kulifanya. Chukua glasi mbili zinazofanana, tia maji sawasawa. Muulize mtoto wa miaka minne au mitano: yako sawa? Atasema sawa. Sasa, yeye akiona, mimina maji ya glasi moja kwenye chombo chembamba kirefu. Muulize tena. Wengi watakuambia yamezidi kwenye kirefu. Ameona kwa macho yake hukuongeza hata tone, na bado anasema yamezidi!

Jaribio la pili ni la vizibo vya soda. Panga sita vyako na sita vyake, kimoja mbele ya kimoja. Vyake vitanue viachane. Mtoto mdogo atasema vyake vimekuwa vingi. La tatu ni la jikoni: madonge mawili ya unga wa chapati yaliyo sawa, moja livingirishe liwe refu kama nyoka. Atasema la nyoka ndilo lenye unga mwingi.

Mkimuuliza kwa nini, atakuonyesha kwa kidole: "Hii imefika mpaka hapa." Hilo si jibu la ovyo. Mtoto ameshika jambo moja, urefu, nalo ni kweli kabisa kwamba kile ni kirefu zaidi. Anachoshindwa ni kushika mambo mawili kwa pamoja, kwamba kimekuwa kirefu lakini pia kimekuwa chembamba. Wala hawezi bado kuyarudisha maji kwa mawazo kwenye glasi ya kwanza.

Kisha, bila kuchapwa na bila kukaririshwa, akifika miaka kama sita, saba au minane, utamsikia anasema mwenyewe: "Si hukuongeza?" Au: "Ukiyarudisha yatakuwa sawa." Au: "Hii ndefu, lakini ile pana." Kuna mmoja hapa mkekani alitutazama sote kama watu wazima tusiojua kitu, kwa kuuliza swali jepesi namna ile.

Msiwacheke sana wadogo. Sisi wenyewe sokoni tunauziwa karanga kwa kopo lililobonyezwa tako, tunaona limejaa hadi juu, tunalipa.

Kwa wenye watoto wachanga liko jambo jingine. Mtoto wa miezi mitano mwonyeshe kijiko kinachong'aa, atakitaka. Kifunike kwa khanga mbele ya macho yake. Mara nyingi hatakitafuta, atageukia kingine. Karibu na miezi minane au tisa ataanza kuinua khanga. Ndiyo maana mchezo wa kujificha uso na kujifunua unampendeza sana, maana anajifunza kwamba kisichoonekana bado kipo. Basi ule si upuuzi wa kupoteza muda, ni shule.

Lakini tusichanganye mambo. Mtoto akichagua sarafu tano za mia mbili akaiacha noti ya elfu moja, hilo ni jambo la kuambiwa. Hakuna namna atalijua kwa kuitazama noti, sharti afundishwe. Ya maji na vizibo ni tofauti. Ukimwambia jibu atalikariri, na kesho ukibadili chombo atakosa tena. Hilo hulipata kwa kumimina mwenyewe, kupanga na kupangua. Kwa hiyo mtoto anayechezea maji na makopo uani, kabla hujamfokea, jua yuko kazini.

MAKOSA YA MUULIZAJI

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Walikuja wengine baadaye wakasema hata swali lenyewe linaweza kumponza mtoto. Katika miaka ya 1970 huko Uskoti, bibi Margaret Donaldson na mwenzake James McGarrigle walipanga vitu kwa mistari miwili, lakini badala ya mtu mzima kuvitanua, walimtoa mwanasesere dubu mtundu akavivuruga kama kwa bahati mbaya. Watoto wa miaka minne hadi sita waliojibu sawasawa wakawa wengi zaidi kuliko pale mtu mzima alipovigusa kwa makusudi.

Kwa nini? Mtoto anamsoma mkubwa wake. Mama akivisogeza vizibo na uso wake mzito halafu anauliza, mtoto anafikiri, kama hakuna kilichobadilika mbona mama amevisogeza? Na ukimuuliza swali lile lile mara mbili, anadhani la kwanza alikosea, analibadili ili akufurahishe. Kwetu sisi, ambako mtoto hufundishwa asimbishie mkubwa, jambo hili lina uzito. Pengine jibu analijua ila heshima imemfunga mdomo.

Tena vitu tunavyowapimia vina maneno yake. Utafiti uliotolewa mwaka 1969 kutoka Mexico ulionyesha kwamba watoto wa wafinyanzi walielewa mapema kuliko wenzao kwamba donge la udongo halipungui ukibadili umbo lake, maana wameushika tangu wadogo. Na jirani zetu wa Zambia wana habari nzuri zaidi. Mwaka 1979 mtaalamu Robert Serpell alieleza alivyowapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga mifano. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, wa Zambia walishinda. Kwa udongo, walikuwa sawa. Mnajua sababu. Watoto wa Zambia, kama hawa wetu, wanatengeneza magari ya waya. Sasa ukimpima mtoto kwa penseli tu, asiyewahi kuishika, unapima akili au unapima penseli?

KILICHOTUPATA

Nimeyasema haya kwa sababu yametugusa. Mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi, mwanawe alikuwa na miaka sita. Mahali alipopelekwa kuanza masomo aliandikiwa kwamba ni mzito. Neno lile likahamia nyumbani, mpaka wadogo zake wakawa wanamwita Mzito. Mama yake akaja kikaoni akasema mkopo wa sare hauchukui tena, bora anunue kuku.

Mwalimu wa chekechea akaomba mtoto aletwe. Akakaa naye mkekani na vizibo. Mtoto akakosa, kama wanavyokosa wengi wa umri ule. Akaulizwa kwa nini, akanyamaza. Mwalimu hakurudia swali, alingoja. Baadaye sana yule mtoto akasema kwa sauti ndogo sababu yake, nayo ilikuwa sababu yenye maana. Kisha akapewa waya na kandambili iliyokatika. Kabla hatujafunga kikao alikuwa na gari lenye magurudumu manne yanayozunguka.

Mama yake aliuchukua mkopo wa sare. Mtoto yuko darasa la tano leo. Sisemi ni wa kwanza darasani, wala mama yake hadai hivyo. Nasema yuko shuleni, na jina lake ameitwa tena.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila uzito ni wa kungoja. Miaka niliyotaja si ukuta, huyu hutangulia na yule huchelewa. Lakini mtoto asiyegeuka akisikia sauti, asiyefuata kitu kwa macho, au aliyekuwa anasema akaacha, huyo mpelekeni kliniki mapema. Kumtazama mtoto kunasaidia hapo pia, maana asiyetazama hawezi kujua.

OMBI LANGU KWENU

Akina mama, kwa mwaka wetu wa kumi na moja kamati inaleta mambo matatu, nanyi mtayapigia kura katika mkutano mkuu.

Kwanza, kutoka mfuko wa jamii tununue mkeka mkubwa mmoja na sanduku la kuwekea vyombo: makopo, vikombe visivyolingana, vizibo, waya, udongo. Fedha yake ni ndogo, vingi tunavyo majumbani.

Pili, kila siku ya kikao wanachama wawili kwa zamu wakae na watoto. Wasiwafundishe kuimba hesabu tu, wawape vitu na kuwatazama.

Tatu, hili halina gharama hata senti moja. Tukubaliane kwamba katika uwanja huu mtoto hapigwi wala hachekwi kwa sababu ya jibu. Akikosa, aulizwe mara moja kwa upole: umejuaje? Kisha tungoje. Wazee walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nasi tulidhani methali ile ni ya watoto. Ni yetu sisi wazazi pia.

Miaka kumi iliyopita wako watu waliotuambia wanawake hawawezi kutunza sanduku lenye kufuli tatu. Hawakutuuliza tunafikiri nini, walitutazama tu wakaamua. Sisi tunajua uchungu wake. Tusiwafanyie hivyo watoto wetu.

 Haba na haba hujaza kibaba, ila mjue mtoto mdogo atataka kwanza akione hicho kibaba ni kirefu au ni kipana. Mwacheni aone.